Msalaba wa Kusini ndani ya sanduku: mwongozo kwa klabu za shule Kigoma

Mradi huu ni sanduku la mbao lenye tundu dogo upande mmoja. Ukichungulia unaona Msalaba wa Kusini, nyota tano zimekaa mahali pake. Ukifunua pazia la ubavuni unaona taa tano zilizotawanyika, moja imejitenga mbele na nne zimerudi nyuma, na hakuna msalaba tena. Mwanafunzi anaelewa hapo hapo kwamba nyota zinazoonekana jirani angani zinaweza kuwa zimeachana mno. Kazi inahitaji hesabu, umeme kidogo, useremala na jicho la msanii. Wanafunzi sita wanatosha, na wiki mbili za mchana baada ya vipindi ni muda wa kutosha.

Jambo moja tunalisisitiza: vipimo kwanza, mapambo baadaye. Klabu nyingi hukimbilia rangi, na sanduku linapopendeza nje ndipo inagundulika kuwa msalaba wa ndani umepinda.

Kwanza mkautazame wenyewe

Msimchoree mwanafunzi kitu ambacho hajakiona. Kutoka Kigoma, Msalaba wa Kusini ukifika juu kabisa husimama upande wa kusini, kati ya nyuzi 32 na 38 kutoka upeo wa macho. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni takribani nyuzi 10, hivyo panda ngumi tatu na nusu.

Angalieni saa. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kigoma ipo karibu nyuzi 29.6. Kwa hiyo jua na nyota zote hupita hapa zikiwa zimechelewa kama saa nzima ukilinganisha na majedwali ya jumla yanayosema "katikati ya Mei, saa 3 usiku". Kwa Kigoma, katikati ya Mei ni saa 4 usiku. Katikati ya Juni ni saa 2 usiku, giza likiwa limeingia sawasawa. Juni ndiyo nzuri kwa shule, maana mvua zimekwisha na wanafunzi hawakeshi.

Chagueni usiku ambao wavuvi wa dagaa nao wanauchagua, yaani wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za karabai au za betri hazimvuti dagaa, na ninyi mtaikosa Ginan, nyota ya tano iliyo hafifu kuliko wenzake. Kaeni mahali ambapo taa za mjini zipo nyuma yenu.

Upo pia msalaba wa uongo, upande wa magharibi wa ule wa kweli, mkubwa zaidi na umefifia. Ili msidanganyike, tafuteni nyota mbili zinazong'aa sana kushoto kwa msalaba: Alfa na Beta za kundi la nyota la Kantarusi. Mstari wao unaelekea kwenye Msalaba wa kweli. Kila mwanafunzi achore alichokiona, aandike ipi inang'aa zaidi na ipi ina wekundu. Michoro hiyo mtaihitaji wakati wa kurekebisha mwanga.

Nyota tano na umbali wake

Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, takribani kilomita trilioni 9.46. Umbali wa nyota zetu ni huu, kwa makadirio: Gacrux, ya juu, miaka ya nuru 88, Ginan, ile ndogo, 230, Mimosa, ya kushoto, 280, Acrux, ya chini, 320, Imai, ya kulia, 345.

Kipimo cha sanduku ni milimita 2 kwa kila mwaka wa nuru. Gacrux itakuwa sentimita 17.6 kutoka kwenye jicho, Ginan 46, Mimosa 56, Acrux 64 na Imai 69. Umbali umewekwa kwa uwiano sahihi, ila upana wa msalaba tumeukuza karibu mara 4, la sivyo ungekuwa mdogo kiasi cha kuishinda mikono. Hilo liandikwe kwenye sanduku. Mtazamaji ana haki ya kujua nini kimekuzwa.

Vifaa

- Plaiwudi ya milimita 4, nusu shiti (sentimita 122 kwa 122)
- Vipande vya mbao vya sentimita 2 kwa 2, jumla mita 5, kwa ajili ya pembe
- Taa za LED za milimita 5: nyeupe 3, nyekundu 1, ya rangi ya chungwa 1. Nunueni mara mbili ya idadi hiyo, kwa sababu zitaungua
- Rizista (vipunguza umeme, hupimwa kwa omu): omu 220, omu 470, omu 1,500, na mbili za omu 10,000, pamoja na chache za omu 2,200 na 4,700 za kujaribia
- Waya wa umeme wa 1.5 wenye shaba moja nene ndani, mita 3. Ule wa nyuzinyuzi haufai, unalegea
- Kebo ya zamani ya chaja ya simu, au kishikio cha betri 4 za AA
- Rangi nyeusi ya ubao wa darasani, msasa laini, tepu nyeusi ya umeme, uzi mwembamba, gundi ya mbao, skrubu ndogo, kitambaa kizito cheusi
- Kipande cha bomba la plastiki la inchi moja na nusu

LED na rizista mtazipata kwa mafundi redio na mafundi simu wa maeneo ya Mwanga na Ujiji. Mkiwaeleza mnachofanya, wengi watawatolea kwenye redio mbovu. Rizista ya kutolewa kwenye kifaa kibovu ipimwe kwa multimita (kipimo cha umeme cha mafundi) kabla ya kutumika, kwani michirizi ya rangi huwa imebadilika kwa joto.

Kukata na kusimamisha sanduku

Nusu shiti inatosha kamili mkipanga hivi. Upande mmoja wa shiti kateni ukanda wenye upana wa sentimita 80, mtoe ubavu mbili za 80 kwa 40 na kifuniko kimoja cha 80 kwa 30. Ukanda uliobaki una upana wa 42. Humo mtoe vipande vinne vya 40 kwa 30: viwili ni uso wa mbele na wa nyuma, viwili vinaunganishwa kuwa sakafu. Kwenye kiungo cha sakafu gundisheni kipande cha mbao kwa chini.

Ubavu zisimame juu ya sakafu, nyuso za mbele na nyuma zipigwe kwa nje. Ndani mtabaki na urefu wa 80, kimo cha 40 na upana wa 29.2. Gundisheni vipande vya mbao kwenye pembe zote, maana plaiwudi ya milimita 4 haishiki skrubu ya ubavuni. Kifuniko msikigundishe kamwe. Kitafungwa kwa skrubu sita, kwa sababu taa zote zitaning'inia kwenye hicho, na mtakifungua mara nyingi.

Kwenye ubavu wa kulia, yaani kulia kwa mtu anayechungulia, kateni dirisha la sentimita 62 kwa 30, kuanzia sentimita 10 kutoka mbele na 5 kutoka juu. Hapo ndipo pazia litakaa.

Tundu la kuchungulia lipo katikati ya uso wa mbele, sentimita 20 chini ya kifuniko, kipenyo milimita 8. Kipenyo hicho hakikutajwa kwa kubahatisha. Tundu la milimita 4 linaficha Gacrux na Acrux, kwa sababu jicho haliwezi kuzifikia zote mbili kwa pamoja. Tundu la milimita 20 linaruhusu jicho kuhama, na jicho likihama kidogo tu Gacrux inaruka kutoka mahali pake, kwa vile ndiyo iliyo karibu.

Jicho hukaa kama sentimita 1.5 nje ya tundu. Vipimo vyote vya hapa chini vimeshatoa hiyo sentimita 1.5. Ili jicho likae hapo, gundisheni kuzunguka tundu pete ya bomba la plastiki yenye urefu wa sentimita 1, kingo zake zimelainishwa kwa msasa. Wakati wa maonyesho mtu mmoja akae na pamba yenye spiriti, aifute pete kila mtazamaji anapotoka. Macho mekundu huambukizwa kwa njia hiyo hiyo.

Pakeni ndani rangi ya ubao, mikono miwili. Rangi ya mafuta inayong'aa itaharibu kila kitu: kila taa itaonekana mara mbili, mara ya kwanza mahali pake na mara ya pili kama kivuli ukutani.

Kuzipata nafasi kwenye kifuniko

Chukueni kifuniko, kilazeni mezani upande wa juu ukiwatazama, ncha ya tundu ikielekea tumboni kwenu. Pigeni mstari wa katikati kwa urefu. Vipimo vifuatavyo ni kutoka sehemu ya ndani ya uso wa mbele, kisha kulia au kushoto kwa mstari wa katikati, kisha urefu ambao taa inashuka kutoka chini ya kifuniko. Vyote ni sentimita.

- Gacrux: mbele 16.1, juu ya mstari wenyewe, inashuka 16.5
- Ginan: mbele 44.5, kulia 3.7; inashuka 21
- Mimosa: mbele 54.5, kushoto 7.9; inashuka 18.7
- Acrux: mbele 62.5, kulia 2.1; inashuka 32.8
- Imai: mbele 67.5, kulia 9.5, inashuka 14

Kosa linalotokea kuliko yote ni kuchora upande wa chini wa kifuniko. Kikigeuzwa, kulia kunakuwa kushoto, na msalaba unatoka kama wa kwenye kioo: Mimosa kulia, Ginan kushoto. Mtu aliyeuona angani atalitambua kosa hilo mara moja.

Kwa kila nyota tobozeni matundu mawili madogo yaliyoachana milimita 5. Kateni waya vipande viwili viwili, kila kimoja kirefu kuliko kipimo cha kushuka kwa sentimita 4. Waya hizo mbili ndizo kamba ya kuning'iniza na ndizo njia ya umeme. Nyoosheni kwa koleo, mzipake nyeusi, mzipitishe, mkunje ncha za juu ili zisiteleze.

Kuhakiki kwa uzi

Hii ndiyo hatua inayotofautisha sanduku linalofanya kazi na lisilofanya, na haihitaji kifaa chochote cha gharama. Chukueni karatasi ngumu, tieni alama ya katikati, na mchore msalaba mkubwa kwa vipimo hivi kutoka katikati: Gacrux juu 15, Acrux kulia 2.5, chini 15. Mimosa kushoto 10.5, juu 1.8, Imai kulia 10.3, juu 6.5, Ginan kulia 6, chini 1.5. Simamisheni karatasi ndani ya sanduku, sentimita 73.5 kutoka uso wa mbele, katikati yake ikilingana na tundu.

Pigeni msumari kwenye kibao kidogo ili kichwa chake kisimame sentimita 1.5 nje ya tundu, katikati kabisa. Fungeni uzi kwenye msumari, upitisheni kwenye tundu, mwanafunzi mmoja auvute kupitia dirishani mpaka kwenye alama ya nyota moja kwenye karatasi. Uzi ukikaza, ncha ya LED ya nyota hiyo lazima iuguse. Isipougusa, pindeni waya, msitoboe tundu jipya.

Anzeni na Gacrux na muwe wagumu nayo. Kosa la milimita 2 kwa Gacrux linaonekana kwenye karatasi kama milimita 8 na nusu, wakati kosa hilo hilo kwa Imai linabaki milimita 2 na kidogo.

Umeme

Kila LED iwe na rizista yake. Mkiweka rizista moja kwa taa zote tano, nyekundu na ya chungwa, zinazoanza kuwaka kwenye volti 2 hivi, zitauvuta umeme wote, na nyeupe zinazohitaji karibu volti 3 zitabaki giza. Wanafunzi hudhani nyeupe zimeungua, wanazibadilisha, na shida inabaki pale pale.

Kateni kebo ya chaja: waya mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi, hizo nyingine zifungeni kwa tepu. Juu ya kifuniko lazeni waya mmoja wa chanya na mmoja wa hasi kwa urefu wote. Kutoka chanya nenda kwenye rizista, kutoka rizista nenda kwenye mguu mrefu wa LED, mguu mfupi urudi hasi. Risasi ya kulehemu ikiyeyuka ondoeni pasi ya kulehemu ndani ya sekunde 3. LED hufa kwa joto. Msichomeke chochote kwenye umeme mpaka mtu wa pili, ambaye hakuunga, amefuata kila waya kwa kidole.

Msitumie pawabenki. Sanduku zima linakula milliampea 16 hivi, na pawabenki nyingi huona hicho ni kidogo mno, zinajizima baada ya muda mfupi. Chaja ya ukutani ni nzuri. Kwa siku umeme ukikatika wekeni betri 4 za AA. Hata zikiwa mpya na kutoa volti 6, rizista hizi zinatosha kuzilinda taa.

Mwanga: mahali pa kukaa muda mrefu

Kwa macho, Acrux inang'aa karibu mara 13 ya Ginan. Lakini ndani ya sanduku taa zipo umbali tofauti, na taa ikisogea mara mbili karibu zaidi, mwanga unaofika kwenye jicho unakuwa mara nne. Gacrux yetu iko mbele mno kuliko Acrux, kwa hiyo mkiipa umeme sawa itamtia mtazamaji upofu. Ukizidisha mng'ao unaoonekana kwa umbali uliojizidisha wenyewe, unapata kwamba Mimosa inahitaji nusu ya nguvu ya Acrux, Imai chini kidogo ya moja ya tano, Ginan moja ya ishirini na tano, na Gacrux pungufu ya hiyo. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotueleza kwamba Acrux ya angani ni jitu la mwanga, na Gacrux inaonekana ing'avu kwa sababu iko karibu. Mwalimu wa fizikia asiipite haraka.

Kwa hiyo anzeni hivi: Acrux nyeupe na omu 220, Mimosa nyeupe na 470, Imai nyeupe na 1,500, Ginan ya chungwa na 10,000, Gacrux nyekundu na 10,000. Rangi zimefuata nyota zenyewe: tatu nyeupe ni nyota za moto sana zenye weupe wa buluu, Gacrux ni jitu jekundu, yaani nyota kubwa iliyovimba, Ginan ni jitu la rangi ya chungwa.

LED yenye kichwa kinachong'aa hurusha mwanga mbele kama kurunzi, na ubavuni haionekani. Isugueni yote kwa msasa hadi iwe na ukungu. Gacrux na Ginan zivisheni kofia ya tepu nyeusi, mtoboe kwa sindano matundu mawili, moja likielekea jicho, la pili likielekea dirisha. Bila kofia, Gacrux inaonekana kama sahani. Mkisahau tundu la pili, pazia likifunuliwa Gacrux haipo. Kofia ikiifanya ififie kupita kiasi, shusheni rizista hadi 4,700, kisha 2,200.

Baada ya hapo mezani kuna watu wawili: mmoja anachungulia akiwa amekaa gizani dakika kumi nzima, mwingine anabadilisha rizista. Hukumu ya mwisho ni michoro ya usiku ule. LED za viwanda tofauti hazilingani, na namba zetu ni za kuanzia tu.

Sura ya nje

Sasa wasanii wapewe nafasi, nao wapewe kazi ya maana. Tunapendelea ubavu wa kushoto uwe jedwali la mwanga: kila nyota, na mwaka ambao mwanga tunaouona leo uliondoka kule. Mwanga wa Gacrux uliondoka mwishoni mwa miaka ya 1930, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na meli ya Liemba ikiwa tayari inakatiza ziwa letu. Hiyo ni picha inayostahili kuchorwa vizuri; fundi anayeandika majina ya mitumbwi anaweza kuwafundisha wanafunzi kushika brashi. Kwa Imai, andikeni kwamba jina hilo linatoka kwa Wamursi wa Ethiopia, na lilikubaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 2018.

Maandishi yawe na herufi za kimo cha sentimita 1.5 au zaidi, nyeupe juu ya giza, na yasizidi maneno 60 ubavu mmoja. Pazia liwe zito, limeshonwa pindo lenye mchanga chini ili lisipeperuke. Juu yake kibao kimoja tu: "Chungulia kwanza, kisha funua." Anayefunua kwanza amejiharibia.

Mtazamaji akae kwenye kiti. Kwa wanafunzi wa sekondari, tundu likiwa sentimita 110 kutoka chini ni sawa; meza ya darasa pamoja na tofali chache chini ya sanduku inafikisha hapo. Wanaovaa miwani wavue. Watu wazima wengi wataiona Gacrux imetiwa ukungu, kwa sababu sentimita 17.6 ni karibu mno kwa macho yao. Waambieni mapema wasidhani taa ni mbovu.

Mkilisafirisha sanduku, fungueni kifuniko mkibebe peke yake, taa zikiangalia juu. Barabara ikitikisa, waya wa Acrux, ulio mrefu kuliko wote, hupinda. Bebeni karatasi, msumari na uzi kwenye mfuko mmoja na pasi ya kulehemu, na mhakiki nyota zote tano kabla mgeni wa kwanza hajakaa.